Ndoo ya Mchanga Ina Kilo Ngapi?

Anayenunua mchanga Lilongwe hununua tripu, na tripu hutajwa kwa tani: lori la tani 5, lori la tani 7. Tani hizo ni za gari, si za mchanga. Kinachofika kiwanjani ni ujazo wa bodi tu, na ujazo huo hauna uzito mmoja. Kwa hiyo mtu anayetaka kuutambua mchanga mzuri, kabla hajaangalia rangi wala ukubwa wa chembe, aulize kwanza una maji kiasi gani.

Ndoo ya lita 20 ikimiminiwa mchanga mkavu wa mtoni bila kushindiliwa hupata kama kilo 30. Ukiwa na unyevu kidogo, wengi hudhani ndoo itazidi uzito, kumbe hupungua: mara nyingi hubaki kilo 25 hivi, na kilo moja na ushee kati ya hizo ni maji. Sababu ni kwamba utando mwembamba wa maji huzitenga chembe, mchanga ukavimba kwa asilimia 20, 30, hata zaidi ukiwa laini. Uvimbe huo hufika kilele maji yakiwa karibu asilimia 5 ya uzito. Ukiufurikisha kabisa, utando hukosa kazi, chembe zinashuka, na ndoo ileile hukaribia kilo 40. Kuupima hakuhitaji mizani. Jaza kopo mchanga ulegee, sawazisha, pima kimo kwa kijiti. Umwage pembeni, tia maji nusu kopo, urudishe huku ukiuchokoa, pima tena. Sentimita 20 zikishuka hadi 16, basi kila ndoo 5 unazoziona ni ndoo 4 za mchanga.

Fundi mzoefu atasema mkono wake unatosha. Kwa uchafu, ni kweli: mchanga wenye udongo huacha doa kiganjani, na hilo kopo haliwezi kuligundua haraka hivyo. Lakini mkono haupimi uvimbe. Mwingine, hasa huko Dzaleka, kambi ya wakimbizi iliyofunguliwa 1994 wilayani Dowa, atasema nyumba nyingi ni za matofali ya udongo yaliyojengwa kwa tope, hesabu hizi za nini? Kwa ukuta wa namna hiyo, kweli hazina maana. Ila sakafu na lipu hutaka saruji, na familia inayonunua mfuko mmoja mmoja ndiyo isiyoweza kuupoteza. Mfuko wa kilo 50 ni kama lita 35. Kwa mchanganyiko wa moja kwa nne unahitaji ndoo 7 za mchanga mkavu. Ukiwa umevimba kwa robo, ndoo hizo 7 hukupa moja kwa 3.2.

Pingamizi la tatu ndilo zito: saruji ikizidi, si nyumba imekuwa imara zaidi? Kwa lipu, hapana; inasinyaa ikikauka na kupasuka. Baya zaidi, lundo moja halina unyevu mmoja. Juu limekaushwa na jua, ndani bado bichi, hasa kati ya Novemba na Aprili, mvua zinaponyesha. Kwa hiyo karai la asubuhi na la mchana hutofautiana ingawa kibarua amehesabu ndoo zilezile. Lundo lichanganywe kwa beleshi kabla ya kupima.

Kuhusu lori, lipimwe kabla halijamwaga, na pale linapofika: safari ya kilomita arobaini na kitu kutoka Lilongwe hadi Dzaleka huushusha mchanga kwa mtikisiko, na huo si wizi wa dereva. Urefu wa bodi, upana, kisha kina kwenye pembe nne na katikati. Bodi la mita 4 kwa 2 lenye kina cha sentimita 60 lina mita za ujazo 4.8, yaani tani 7.2 za mchanga mkavu. Kopo likionyesha uvimbe wa robo, mchanga wenyewe ni mita za ujazo 3.84, chini ya tani 6, na hapo ndipo mazungumzo ya bei yaanzie.