Lafudhi na Hadhi: Filamu ya My Fair Lady na Msemaji wa Ukambani

Filamu ya My Fair Lady, iliyoongozwa na George Cukor na kutolewa mwaka 1964, ni umbo la tatu la kisa kimoja. Chimbuko lake ni Pygmalion, tamthilia ya George Bernard Shaw iliyoonyeshwa kwanza mwaka 1913. Mwaka 1956 Alan Jay Lerner na Frederick Loewe waliigeuza kuwa mchezo wa nyimbo katika jukwaa la New York, na mchezo huo ndio uliopelekwa Hollywood. Filamu ilipata tuzo 8 za Oscar, na kwa upande wa fani ilistahili. Hata hivyo, mwanafunzi wa lugha aliye Kitui au Makueni ana swali la kuiuliza: ni nani aliyempa Profesa Higgins mizani ya kupimia ndimi za watu?

Higgins, mtaalamu wa fonetiki, anawekeana dau na Kanali Pickering kwamba kwa miezi sita atambadili Eliza, muuza maua wa Covent Garden, hata apokelewe kama bibi wa tabaka la juu. Kichekesho kinajengwa juu ya irabu za Eliza na sauti ya h anayoidondosha. Mtazamaji hucheka pamoja na Higgins, na hapo ndipo penye hatari, kwani Higgins huiona lahaja ya Eliza kuwa uharibifu wa Kiingereza, si mfumo wenye kanuni zake.

Kicheko cha aina hiyo si kigeni nchini Kenya, ambako lafudhi ya Mkamba imekuwa mtaji wa wachekeshaji. Lakini Kikamba hakina b, d wala g isiyotanguliwa na sauti ya puani, wala hakina r. Ndiyo maana neno gari liliingia Kikamba kwa umbo la ngali, na dawa ikawa ndawa. Msemaji anayehamishia mazoea hayo katika Kiswahili hafanyi uvivu, anafuata kanuni. Tena Kikamba kina irabu 7, na Kiswahili 5. Mwenye saba hawezi kuitwa maskini wa sauti.

Suala la mizani lina uzito zaidi Kitui. Lahaja ya Machakos, wilaya ambayo Makueni ilimegwa kutoka kwayo mwaka 1992, ndiyo iliyotumiwa katika tafsiri na kuhesabiwa sanifu. Hivyo msemaji wa Kitui hupimwa mara mbili: kwa Kikamba cha vitabuni, na kwa Kiswahili sanifu, ambacho msingi wake, Kiunguja, ulichaguliwa katika mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928. Usanifishaji una manufaa yake, lakini uteuzi wa lahaja ni uamuzi wa watu, si hukumu ya maumbile. Filamu hailigusi jambo hili.

Uzito wa filamu unaonekana pale Eliza anaporudi sokoni, na wenzake wa jana hawamtambui. Methali yasema mwacha asili ni mtumwa; lakini Eliza hakuiacha asili yake kwa hiari kamili, alivuliwa. Filamu yenyewe ilirudia kosa hilo: nyimbo nyingi za Eliza hazikuimbwa na Audrey Hepburn aliyemwigiza, bali na Marni Nixon.

Mwisho wake ndio kasoro kubwa. Shaw, katika maelezo aliyoyaambatisha baadaye kwenye tamthilia yake, alimwoza Eliza kwa Freddy. Filamu inamrudisha kwa Higgins, ambaye neno lake la kwanza ni kuuliza viko wapi viatu vyake vya nyumbani.

Filamu hii yafaa kusomeshwa, mradi Higgins asichukuliwe kuwa kielelezo cha mwalimu. Yeye hung'oa lugha moja ili apande nyingine. Mtoto wa Mwingi au Wote aongezewe b ya Kiswahili bila kunyang'anywa mb ya Kikamba, ili akirudi sokoni atambuliwe na mamaye.