Gia Moja, Bila Breki

Zoezi la kwanza huwashangaza wengi waliolipa pesa nzuri wakitarajia kufundishwa kasi. Mwanafunzi huambiwa achague gia moja, tuseme ya nne, aingie uwanjani na azunguke bila kugusa breki. Breki zipo, na likitokea la kutokea atazitumia, lakini agizo ni hilo. Mwalimu anayemfuata nyuma hujua mara moja nani ameshindwa kuvumilia, maana pikipiki iliyoshikwa breki huinamisha pua, shokapu za mbele zikazama, na kifua cha dereva kikasogea kwenye tangi.

Hili ni zoezi la California Superbike School, shule aliyoianzisha Mmarekani Keith Code mwaka 1980, ambayo imefundisha katika nchi nyingi na imewahi kuleta mafunzo yake hadi Dubai. Code ndiye aliyemnoa Wayne Rainey katika ujana wake, kabla Rainey hajatwaa ubingwa wa dunia wa 500cc mara tatu mfululizo, 1990, 1991 na 1992. Mwaka 1983 Code alitoa kitabu, A Twist of the Wrist, na hoja yake moja ndiyo iliyozaa zoezi la gia moja: umakini wa mtu una kiasi. Ukiutumia wote kwenye breki na klachi, hubaki na chochote cha kuitazama kona. Mwondolee dereva breki, mwondolee kubadili gia, naye ataanza kuona mambo aliyokuwa akiyapita kila siku.

Na huyaona kweli. Mizunguko ya mwanzo huachia mafuta mapema mno, akaingia kona kwa mwendo wa kusuasua. Mzunguko unaofuata anachelewa kidogo kuachia. Kisha anagundua kwamba kona ambayo siku zote aliiingia huku amekaza vidole inapitika kwa mwendo uleule bila breki yoyote, mradi aukadirie mwendo mapema, wakati pikipiki bado imesimama wima. Kumbe breki alizokuwa akizishika katikati ya kona zilikuwa za hofu tu. Sijaona njia nyingine ya kumfundisha mtu mzima jambo hilo ndani ya nusu saa bila kumkemea.

Baada ya hapo ndipo huja somo la mafuta. Kanuni yenyewe ni fupi: ukishaanza kuvuta mafuta ndani ya kona, endelea kuyavuta kidogo kidogo, kwa usawa, bila kukatisha, mpaka utoke. Sababu yake iko kwenye matairi. Tairi la nyuma ni pana, la mbele ni jembamba, na pikipiki hutulia kwenye kona pale uzito unapogawanyika takriban asilimia 40 mbele na asilimia 60 nyuma. Mvuto mdogo wa mafuta ndio unaoupeleka uzito huko nyuma. Ukishtuka ukayafunga ghafla, uzito wote hukimbilia mbele, tairi jembamba hulemewa, na pikipiki hutanua njia kuelekea ukingoni, yaani kulekule ulikokuwa ukikuogopa. Mwili unasema funga, kazi inasema endelea kuvuta. Mkono wa kulia ukijifunza kutousikiliza mwili, hapo dereva amevuka hatua kubwa.

Dubai ina mahali pazuri pa kujifunzia haya. Dubai Autodrome ilifunguliwa mwaka 2004 katika eneo la Motor City, kando ya barabara kuu ya Sheikh Mohammed bin Zayed. Mzunguko wake mrefu ni kilomita 5.39, na uwanja unaweza kugawanywa kuwa mizunguko mifupi, jambo linalowafaa wanafunzi kwa sababu kona ileile inarudi upesi kabla kosa halijasahaulika. Mashindano ya magari ya saa 24 yamekuwa yakifanyika hapo tangu 2006. Lakini uwanja mzuri si shule, na hapa ndipo watu wengi huchanganya. Kuna siku ambazo unalipa kiingilio, unakaguliwa pikipiki, unaingia na kukimbia utakavyo. Siku hizo zina raha yake. Ila mtu anayerudia kosa lake kwa kasi asubuhi hadi alasiri hurudi nyumbani amelizoea zaidi.

Kwa hiyo anayetafuta shule aulize kwanza: mwalimu mmoja ana wanafunzi wangapi? Watatu ni idadi nzuri, na ndiyo ambayo shule ya Code huifuata. Wakifika wanane, mwalimu hawezi kukumbuka fulani alifanya nini kwenye kona ya saba. Aulize pia kama kuna darasa, ubao na viti, kati ya kila safari ya uwanjani. Utaratibu mzuri ni wa zamu: dakika kama ishirini darasani juu ya jambo moja, dakika kama ishirini uwanjani kulifanyia kazi hilo hilo, kisha mazungumzo ya ana kwa ana na mwalimu kabla ya darasa linalofuata. Jambo moja tu. Walimu wetu wa chuo cha Kurani walilijua hili zamani: mtoto hapewi be kabla alif haijamkaa mdomoni.

Mazungumzo hayo ya ana kwa ana ndiyo ninayoyahusudu kuliko yote. Mwalimu hodari hamwambii mwanafunzi alichokosea. Humwuliza. Ulianza kugeuza wapi? Ulikuwa unatazama nini wakati huo? Ulivuta mafuta kabla au baada ya kuilaza? Mwanafunzi aliyezoea kuendesha kwa mazoea hukosa jibu, akanyamaza, na ukimya huo wenyewe ni somo. Safari inayofuata ataingia akiwa na kazi ya kutafuta jibu. Uwanjani, mwalimu atamfuata mzunguko mmoja au miwili, kisha atampita, atapiga kiti chake cha nyuma kwa kiganja, maana yake nifuate, na kumwonyesha mstari. Kufanya hivyo, huku akimwangalia aliye nyuma, akipunguza mwendo wake ulingane na wa mgeni, na huku akikumbuka alichokiona kwenye kila kona, ni ustadi mkubwa kuliko kushinda mbio. Nimewajua washindi wa mbio ambao hawawezi kumfundisha mtu hata kuwasha.

Shule inayokuuzia picha ya goti likigusa lami, ipite. Goti kugusa chini ni matokeo, na kwa dereva mzuri ni kipimo tu cha pikipiki imelala kiasi gani. Kulitafuta goti kabla ya macho na mafuta humfanya mtu ajining'inize upande mmoja, mikono ikashikilia usukani kwa nguvu, na pikipiki ikakataa kugeuka. Katika mpangilio wa Code, ngazi ya kwanza ni mafuta na kugeuza, ya pili ni macho, na mkao wa mwili huja ngazi ya tatu. Mpangilio huo una akili sana.

Macho yana hila zake. Kabla ya kuingia uwanjani, vioo vya pembeni huzibwa kwa selotepu au huondolewa kabisa, taa pia huzibwa, na wengine huziba hata spidomita. Vioo na taa huzibwa kwa usalama, visitapakae vipande vya kioo uwanjani mtu akianguka, na ili usijishughulishe na aliye nyuma, kwa kuwa mwenye jukumu la kupita salama ni yule anayepita. Ila faida inayobaki ni kubwa kuliko hiyo. Dereva asiye na kioo wala namba ya mwendo hana pa kutazama isipokuwa mbele. Chini kwenye lami atakuta alama ya X, mahali pa kugeuzia, na kazi yake ni kuiona mapema kisha kuiacha, macho yakatangulia ndani ya kona kabla pikipiki haijafika kwenye X yenyewe. Anayeikodolea X mpaka afike juu yake amechelewa tayari.

Hali ya Dubai nayo ina masharti yake, na shule ya kweli huyasema mapema. Msimu ni kama Oktoba hadi Aprili. Kiangazi, joto likipita nyuzi 40, mtu ndani ya suti ya ngozi na helmeti hupoteza maji na akili kwa pamoja. Shule iliyo tayari kukuchukua mchana wa Julai, iogope. Upepo huleta mchanga laini usioonekana kwa urahisi. Pale matairi yanapopita kila mara lami huwa safi, lakini mita moja nje ya mstari kuna vumbi la kuserereshea. Hewa ya matairi hupimwa asubuhi yakiwa baridi na hupimwa tena yakitoka uwanjani, maana joto la lami huipandisha. Na bima ya kawaida ya barabarani kwa kawaida haifiki uwanjani, hivyo anayekodi pikipiki ya shule asome mkataba aone akianguka atalipa nini.

Zoezi ninaloliona bora kuliko yote halihitaji uwanja hata kidogo. Hufanyika kwenye eneo la maegesho. Mwalimu husimama mwisho wa sehemu iliyo wazi, mwanafunzi anamjia kwa mwendo wa kilomita kama 40 kwa saa huku akiyumbisha pikipiki kushoto na kulia. Ukitazama kwa karibu utaona viwiko. Wengi huja na viwiko vilivyonyooka kabisa, mabega yamepanda, wanausukuma usukani kuelekea chini, na pikipiki inageuka kwa uvivu. Mwalimu humsimamisha, hushika mkono wake, huukunja kwenye kiwiko mpaka mkono wa mbele ulale sambamba na ardhi, kisha humwambia asukume mbele na si chini. Ukitaka kwenda kulia, sukuma mkono wa kulia mbele. Kijana anarudi, anasukuma, na pikipiki inalala upande huo mara moja, nyepesi, mpaka mwenyewe anashtuka.

Inaonekana ni kinyume, ila ndivyo pikipiki zote zinavyogeuka zikishashika mwendo, tangu ile ya mbio hadi Boxer ya bodaboda. Wilbur Wright, fundi wa baiskeli kabla hajawa fundi wa ndege, aliwahi kuwauliza waendesha baiskeli wengi wanavyogeuka, akakuta hawajui kwamba mikono yao huanza kwa kuelekeza gurudumu upande mwingine. Mikono inajua, mwenyewe hajui. Shida huja siku ya dharura: lori limekata mbele yako, una nusu sekunde, na asiyejua anachofanya hukaza mikono yote miwili, ikapingana, akaenda moja kwa moja.

Hapo ndipo fikra zangu hutoka uwanjani. Mafunzo haya ni ghali, na wengi wanaohudhuria ni watu wenye pikipiki za bei ya gari ambao mwisho wa wiki hupanda kona za Jebel Jais kule Ras Al Khaimah. Heri yao. Lakini wanaoshinda kutwa juu ya pikipiki Dubai ni vijana wa kupeleka chakula, wakiwemo wetu kutoka Kenya na Uganda, wenye sanduku nyuma linalopandisha uzito juu na kipande cha mchanga kwenye kila mzunguko wa barabara. Kwao, kujua kusukuma mkono mmoja na kutofunga mafuta katikati ya kona ni ajira na ni uhai. Na nyumbani, kijiwe cha bodaboda hujaa madereva waliofundishwa na binamu kwa jioni moja.

Zoezi la maegesho linawezekana Kisauni, Tandika au Kawempe. Linahitaji kiwanja cha shule siku ya Jumapili, pikipiki iliyopo, na mtu mmoja anayejua kutazama viwiko. Ningependa sana kuona mmoja wa vijana wetu waliojifunza huku Dubai akienda likizo na kusimama mwisho wa kiwanja kama hicho, awaite wenzake mmoja mmoja, awasimamishe, awakunje mikono, awaambie warudie.