Shingo Kabla ya Mguu

Mashindano ya kujiandaa na msimu hayana heshima kubwa. Makocha hubadilisha wachezaji kama mtu anayejaribu viatu dukani, na Emirates Cup, kombe la Arsenal kule London, liliongeza kioja chake: kila bao lilikuwa na pointi, hata ukifungwa. Bonanza hasa.

Katika bonanza hilo, Agosti 2009, walikuwepo pia Atletico Madrid, Paris Saint-Germain na Rangers, na kijana wa Arsenal wa miaka 17 aitwaye Jack Wilshere. Rangers walilala 3-0, mawili yakiwa yake. Sisi wa kibanda umiza tulishangilia mabao. Kilichonikaa mimi ni namna alivyokuwa akipokea mpira.

Kiungo wa kawaida hupokea kwanza, ndipo anyanyue kichwa. Huyu alikwisha kuchungulia bega la kushoto, akachungulia la kulia, na mpira ulipomfikia mwili wake ulikuwa umekaa upande. Mguso mmoja wa kushoto, beki ameachwa anakumbatia hewa. Mtazame konda anayeruka daladala ikiwa bado inakwenda: mguu wake hutua ukielekea inakoelekea gari. Akitua kinyume, anabiringika. Wilshere, mfupi, asiye na misuli ya kusukumana, alitua hivyo kila mara, na kasi ya anayemkaba ndiyo iliyomfungulia njia. Februari 2011, akiwa na miaka 19, aliwafanyia hayo Xavi na Iniesta, viungo wa Barcelona. Barcelona wakafungwa 2-1.

Ila ufundi huu una chambo ndani yake. Mpira unauacha mbele kidogo, beki aone ni wake, anyooshe mguu, nawe umwahi kwa ncha ya kiatu. Anayechelewa hapo hagusi mpira. Anagusa kifundo chako. Sijui fundi mwingine anayefanya kazi na mkono wake ukiwa chini ya nyundo ya mwenzake.

Julai 2011, katika kombe lilelile, dhidi ya New York Red Bulls, alitoka mapema kifundo kikimuuma. Msimu mzima ukapita hajacheza. Mwaka 2022 alistaafu, akiwa na miaka 30 tu.

Hadi leo, Agosti ikifika na kiungo kijana akiingizwa dakika za mwisho, wenzangu huangalia miguu. Mimi humwangalia shingo, kabla mpira haujamfikia.