Jilfidan katika Kitabu cha Binti Yake

Kumbukumbu alizozitoa Emily Ruete mjini Berlin mwaka 1886, yaani Bibi Salme binti Seyyid Said, husomwa zaidi kwa habari za Unguja ya kale: majumba, mavazi, vyakula na sikukuu. Mama yake, Jilfidan, Mcherkesi wa upande wa Kaukazi aliyeletwa mateka, hupitwa upesi. Lakini hapo ndipo penye uzito wa kitabu, na ndipo penye kasoro yake.

Habari ya kutekwa ni fupi mno. Baba alikuwa mkulima mwenye mke na watoto watatu. Vita vikazuka, wazazi wakauawa, na wapanda farasi wakawachukua watoto. Kaka alipotelea njia yake. Jioni dada mdogo, aliyekuwa akimlilia mama, naye akatengwa. Wasipate tena kusikia habari zao. Jilfidan alikuwa na miaka 7 au 8, maana jino lake la kwanza liling'oka katika nyumba ya Seyyid. Jino hilo lasema mengi kuliko kurasa nzima za mapambo. Mara mwandishi ageukia mambo ya faraja: mtoto alilelewa na mabinti wa Seyyid, akajifunza kusoma. Wepesi huo wa kuvuka, je, ulikuwa wa mama au wa binti?

Maisha ya ndani yameelezwa vizuri zaidi. Kwa hesabu ya mwandishi, Seyyid aliacha masuria 75. Huko Mtoni mbele yake kilisemwa Kiarabu tu. Akishatoa kisogo, lugha zilichanganyika, kila mwanamke na ya kwao. Watoto wa mama wa Kihabeshi waliwaita ndugu zao wa Kicherkesi paka, kwa kuwa baadhi yao walikuwa na macho ya buluu. Katika mambo madogo kama hayo Ruete hana mfano.

Anapofika kwenye sura ya utumwa, huutetea mbele ya wasomaji wa Ulaya. Utetezi huo si wa kupuuzwa wote. Suria aliyezaa na bwana wake hakuweza kuuzwa, na bwana akifa huwa huru. Jilfidan naye alipata uhuru huo Seyyid alipofariki mwaka 1856. Aliufaidi miaka michache tu, kipindupindu kikamchukua mwaka 1859. Ila sheria hiyo yahusu mwisho wa safari. Juu ya wale wapanda farasi haina neno, wala sura ile haiwakumbuki. Kana kwamba kurasa mbili hizo ziliandikwa na watu wawili wasiojuana.

Jambo hili lashangaza zaidi kwa kuwa Ruete mwenyewe aliondoka Unguja mwaka 1866 na kuonja upweke wa ugenini. Uchungu wake wa kutengwa na ndugu ameueleza kwa urefu na kwa ufasaha. Ule wa mama yake, aliyetengwa na ndugu zake bila hiari, umepewa mistari michache.