Safu Ipi? Tahakiki ya Maneno ya Jedwali

Kurasa hizi huchapisha orodha za istilahi mara kwa mara, nasi tunaofundisha na kutafsiri huzipokea kwa shukrani. Ni nadra, hata hivyo, kuzifuata istilahi hizo hadi mahali zinapotumika, tukasikiliza zinavyotamkwa na watu wenye haraka ya kazi. Makala haya yanakusudia kufanya hivyo kwa maneno machache tu: yale ya jedwali.

Tulikuwa Magomeni Mapipa, katika duka dogo la kuchapa na kutoa nakala. Mzee mmoja, mpenzi wa muziki wa dansi tangu ujana wake, alikuwa amekaa kando ya kijana mwenye kompyuta akimsomea daftari lake. Walikuwa wakiunda jedwali la bendi za zamani ili liwekwe katika tovuti ndogo ya wapenzi wa muziki huo. Kazi haikuwa ya malipo wala ya ofisi yoyote. Ilikuwa ya mapenzi tu. Vichwa vya jedwali vilikuwa vitano: jina la bendi, mahali, mwaka, mtindo na maelezo. Bendi ya tatu ilikuwa imeandikwa mara mbili, kwa hiyo mzee akasema, "Hebu futa safu ya tatu, mwanangu." Kijana akafuta. Kilichotoweka si bendi ya tatu bali miaka yote ya bendi zote, kwa maana miaka ndiyo iliyokuwa safu ya tatu kutoka kushoto. Kwa bahati mbaya zaidi, alikwisha kuhifadhi kazi na kuifunga kabla ya kosa kuonekana. Daftari lilikuwapo, na miaka ilirejeshwa mmoja mmoja kwa muda wa saa nzima. Mtu asiyekuwa na daftari angepoteza alichokusanya kwa miaka mingi, na asingeweza kumlaumu yeyote, kwani aliyesema alisema sawa na aliyetenda alitenda sawa.

Hapa ndipo penye kiini cha tahakiki yetu. Neno *safu* katika Kiswahili cha kila siku hulala na pia husimama. Safu ya milima hulala. Safu ya viti vya mbele hulala. Safu ya ushambuliaji katika kandanda nayo hutandazwa upana wa uwanja. Lakini safu ya gazeti husimama, na mwandishi wake huitwa mwandishi wa safu bila mtu yeyote kushangaa. Waliotafsiri programu za kompyuta waliiona hatari hii. Ndiyo maana tunakuta *safu mlalo* na *safu wima*, mara nyingine zikiunganishwa kuwa neno moja moja. Hatuwezi kusema kwamba wamekosea. Maana imehifadhiwa, na maneno yote ni yetu.

Hata hivyo, twaona kwamba walipima istilahi kwa jicho na si kwa sikio. Mswahili anapofupisha jina la maneno mawili, aghalabu hubakiza la kwanza na kuacha la pili. Katika jozi hii, la kwanza ni lile lile pande zote mbili, na tofauti yote imewekwa katika mkia unaokatika. Kwenye kioo cha kompyuta maneno yamekamilika. Kinywani hubaki *safu* mbili zisizotambulikana. Istilahi ambayo ni salama ikiandikwa na hatari ikisemwa haijamaliza kazi yake, hasa katika nchi ambamo watu wengi hujifunza kompyuta kwa kukaa kando ya mtu anayejua na kuambiwa bonyeza hapa, futa pale.

Kuna hoja ya pili, nayo inatoka katika ufundi wenyewe. Kanuni za kuunda majedwali katika lugha ya kurasa za wavuti zilitolewa rasmi mwaka 1996, na msingi wake haujabadilika. Mtunzi wa ukurasa hufungua jedwali, kisha hufungua kilicholala, ndani yake akaweka vyumba kimoja kimoja, akafunga, akafungua kingine kilicholala. Kilichosimama hakiandikwi kabisa. Hutokea chenyewe, vyumba vya kwanza vya kila kilicholala vinapokaa chini kwa chini. Basi hivi viwili si ndugu pacha hata vipewe jina moja la ukoo. Kimoja huandikwa, kingine huonekana tu.

Baada ya msiba ule mdogo, kijana alimwuliza mzee: "Ya kusimama au ya kulala?" Hakuna aliyemfundisha swali hilo, nasi tunaona kwamba jibu limo ndani yake. Tunapendekeza *mlalo*, wingi *milalo*, liwe nomino kamili ya kile kinachosomwa kutoka kushoto kwenda kulia. Na *safu* libaki peke yake kwa kile kinachosomwa kutoka juu kwenda chini, kama gazeti lilivyotuzoeza. Wako watakaopendelea *mstari*. Tulilifikiria, tukaliacha: mistari ya jedwali ni ile michirizi inayotenganisha vyumba, na tena mlalo mmoja waweza kuwa na maandishi ya mistari mitatu. Pingamizi lililo zito ni la safu ya viti. Hatuna dawa yake, ila tunasema kwamba ndani ya jedwali hakuna viti.

Tumetumia neno *vyumba* hapo juu kwa makusudi. Istilahi iliyozoeleka ni *seli*, nayo inajulikana katika biolojia na, kwa masikitiko, katika vituo vya polisi. Hatupendekezi iondolewe. Lakini mzee yule alisema "chumba" tangu mwanzo, na mkazi wa nyumba ya Kiswahili ya Magomeni, yenye ukumbi katikati na vyumba huku na huku, anaelewa mara moja kwamba kila chumba kina mpangaji wake. Mwalimu anayeanza na chumba akaishia kwenye seli atafika mapema kuliko anayefanya kinyume chake. *Jedwali* lenyewe halina tatizo. Kiarabu kilikotoka, neno hilo pia ni kijito cha maji, na waliozaa *lahajedwali* kwa kuliunganisha na laha walifanya kazi nzuri.

Jambo lililotushughulisha zaidi ni chumba kitupu. Programu ina neno moja tu, *tupu*, na wavivu huweka sifuri, ambayo ni tarakimu na hivyo ni uongo. Kiswahili kina viambishi vinavyoweza kulitenganisha jambo hili vizuri. *Haijulikani* ni ya kitu kilichotafutwa kisipatikane. *Haikuwapo* ni ya bendi isiyokuwa na mtindo wenye jina. *Haijajazwa* ni ya kazi inayoendelea, na ile *-ja-* inaahidi. Mkusanyaji wa takwimu katika wizara angefaidika na tofauti hii sawa na mpenzi wa dansi.

Vichwa vya safu navyo vina mitego. *Mwaka* wa Maquis du Zaire ni upi, wa kuundwa kwake Kongo au wa kuhamia Dar es Salaam mwanzoni mwa miaka ya 1970? NUTA Jazz ya mwaka 1964 ilikuja kuwa Juwata, kisha OTTU, na leo ni Msondo Ngoma: je, ni mlalo mmoja au minne? Marehemu Muhidin Maalim Gurumo, aliyefariki mwaka 2014, aliimba NUTA, akaimba Mlimani Park iliyoanza mwaka 1978, akaenda Safari Sound, kisha akarudi Msondo. Waimbaji wa namna hiyo wanahitaji jedwali lao. Na kichwa *mtindo*, ambamo mzee aliandika Sikinde, Saboso na Kamanyola, kiligongana na *mtindo* wa programu, ambao ni umbo na rangi ya herufi. Kijana alipoambiwa abadilishe mtindo, alikoza wino.

*Chuja* tunalisifu bila masharti. Kila jiko lina chujio. *Panga* linabebeshwa mno: kupanga kwa alfabeti, kupanga ukurasa na kupanga faili yote ni panga. Kwa kazi ya kwanza tungependa lisemwe daima *panga kwa*, likifuatwa na jina la safu.

Wasomaji wenye maoni kuhusu *mlalo* watuandikie. Kwa sasa jedwali la Magomeni limekwisha kurekebishwa. Chumba cha mwaka katika mlalo wa Dar es Salaam Jazz kimeandikwa "haijajazwa", na mzee amekataa katakata kisiandikwe "haijulikani".