Sifa ya Kazi ya Uhusiano

Miongoni mwa fani zinazotumiwa kila siku pasipo kuenziwa, sidhani kama iko iliyosingiziwa kuliko ile ya uhusiano wa umma, ambayo wengi huidhania kuwa ni ya kupamba yaliyooza na kusitiri yaliyo dhahiri. Lakini mwenye insafu na amtazame Ivy Lee, Mmarekani wa fani hiyo, ambaye Oktoba 1906, treni ya shirika la reli la Pennsylvania ilipotumbukia majini huko Atlantic City ikaua watu zaidi ya 50, hakuwafungia waandishi milango kama ilivyokuwa ada ya matajiri wa zama zile, bali aliwaandikia taarifa ya yaliyojiri na kuwasafirisha wakajionee wenyewe.

Leo habari huenea mitandaoni kabla wino haujakauka, na wapo vijana wanaonena kuwa gazeti limekwisha kazi. Siafiki. Februari 2018, migahawa ya KFC nchini Uingereza ilipoishiwa kuku, kwa kuwa usafirishaji ulikabidhiwa msambazaji mpya naye akaelemewa, mamia ya migahawa ilifungwa na kejeli zikafurika mitandaoni. Wenye kampuni walinunua ukurasa mzima katika magazeti ya Metro na The Sun, wakachapa ndoo tupu ya kuku, herufi tatu za jina lao zimepangwa upya hata zikakaribia tusi (ujasiri ambao mzee wa Kimvita asingeustahi), na chini yake wakaomba radhi kwa wateja, hasa waliofunga safari wakakuta milango imefungwa, wakawashukuru wafanyakazi wao, kisha wakaweka anwani ya tovuti ambamo kila mtu angeweza kutazama hali ya mgahawa wa jirani yake. Wasomaji wakaupiga picha ukurasa ule, wakautuma Twitter, ukawafikia wasioshika gazeti mwaka hadi mwaka.

Ustadi wa kazi ya uhusiano ndio huo: karatasi ilitoa heshima ya neno lisilofutika usiku, tovuti ikatoa majibu yanayobadilika kwa saa, na wateja wenyewe wakawa wapiga mbiu bila ujira. Ukurasa usingekuwapo, radhi ingezama katika kelele. Tovuti isingekuwapo, ingebaki radhi tupu, na mteja angali njiani na njaa yake.

Basi enyi wakuu wa mashirika mnaomwita afisa uhusiano moto ukishawaka, mpeni kiti barazani siku mnapokata shauri, na akiwaambia semeni kweli leo, msimwambie angoje kesho.