Mizizi ya Milima ya Brooks

Kaskazini mwa Alaska, ndani ya Aktiki, safu ya milima ya Brooks inakwenda mashariki hadi magharibi kwa karibu kilomita 1,000. Vilele vyake havifiki mita 2,800. Mizizi yake ndiyo mirefu: ganda la dunia hapo linashuka hadi karibu kilomita 50. Mwamba wa ganda ni mwepesi kuliko ule wa tabaka la chini yake, hivyo mzizi hupunguza kidogo nguvu ya uvutano. Mpimaji anautafuta upungufu huo kwa miligali, na miligali moja ni kama sehemu moja kwa milioni ya uvutano wa kawaida.

Chombo chake, gravimita ya LaCoste na Romberg, ni uzito mdogo ulioshikiliwa na springi ndani ya sanduku ambalo lazima likae katika joto lile lile. Betri ikiisha kwenye baridi, springi hupoa, na itachukua saa nyingi kabla haijaaminika tena. Udongo wa tundra nao hutikisika chini ya miguu, kwa hiyo mpimaji hutafuta changarawe ya ukingo wa mto. Anasawazisha chombo, anachungulia, anazungusha kitufe taratibu mpaka mstari wa kusomea utulie mahali pake, anaandika, kisha anarudia. Springi huchoka kidogo kidogo. Lazima arejee kituo alichoanzia ili ajue imeteleza kiasi gani.

Ugumu wenyewe uko kwenye kutoa athari zisizotokana na mzizi. Ukipanda mita moja, uvutano hupungua kwa miligali 0.3 hivi, kwa hiyo kimo kikikosewa kidogo tu, kipimo kimeharibika. Mwezi na jua huvuta pia. Latitudo ina hesabu yake, na mwamba ulio juu ya usawa wa bahari una yake. Halafu kuna milima ya jirani, inayovuta kuelekea juu, na mabonde, yanayopunguza mvuto wa kuelekea chini. Kabla ya kompyuta, watu walitumia duara za Sigmund Hammer, za mwaka 1939: karatasi angavu yenye vyumba juu ya ramani, kimo cha wastani kikikadiriwa kwa kila chumba, kwa kila kituo, kwa mkono. Hapa ndipo ninapowavulia kofia.

Hata hivyo namba peke yake haitoshi. Mwamba mwepesi ulio karibu na uso wa ardhi, au mzizi ulio kina kirefu, vyote vinaweza kutoa upungufu uleule, ingawa ule wa karibu huwa na kingo kali zaidi. Mwaka 1990 milipuko ya kitafiti iliyofuata njia ya kukatisha milima ilipima kina kwa mawimbi ya tetemeko. Njia hiyo ni moja tu. Vituo vya kupimia uvutano vimetapakaa pande zote mbili, na ndivyo vinavyowezesha kina kilichopimwa pale kufuatiliwa hadi kwenye mabonde ambayo baruti haikuwahi kufika.